Kutoa ni moyo, lakini daftari la matumizi liko wapi?

Msimu wa mavuno ukimalizika, msimu mwingine huanza vijijini na katika miji midogo. Huo ni msimu wa michango. Upo mchango wa darasa, mchango wa zahanati, mchango wa kisima na mchango wa nyumba ya ibada. Juu ya hiyo zipo harusi na misiba.

Wanaoitisha michango hawakosei kuchagua wakati huo. Mkulima akishauza mahindi, pamba au korosho, fedha anazo, na kila mtu anajua kuwa anazo. Mfanyabiashara mdogo naye huuza vizuri zaidi wakati huo kwa sababu wateja wake ni wakulima hao hao.

Utaratibu wa shughuli yenyewe unajulikana. Mgeni rasmi anaketi mbele, mshereheshaji anashika kipaza sauti, na majina yanaanza kusomwa. Fulani ametoa laki moja, makofi. Fulani ametoa laki moja na nusu, vigelegele. Fulani ametoa elfu kumi, kimya, na pengine kicheko kidogo kutoka viti vya nyuma.

Miezi sita baadaye, mtu yule yule aliyetoa laki moja anapita mbele ya jengo ambalo halijavuka madirisha. Akimuuliza mwenyekiti wa kamati, anaambiwa mhazini ndiye anayejua. Akimuuliza mhazini, anaambiwa risiti zipo kwa mwenyekiti. Akiuliza mara ya tatu, anaambiwa anakwamisha maendeleo.

Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya michango katika jamii. Jambo lililostahili kuwa siri, yaani nani ametoa kiasi gani, linatangazwa kwa kipaza sauti. Jambo lililostahili kutangazwa kwa kipaza sauti, yaani fedha zimetumikaje, linafanywa siri. Matokeo yake ni kwamba mtoaji anaumia mara mbili, na mwisho anaacha kutoa.

Ni ukweli usiopingika kwamba watu wa Afrika Mashariki hawana uchoyo. Shule nyingi za kata zilizojengwa nchini Tanzania kuanzia mwaka 2006 zilisimama kwa nguvu na fedha za wananchi, pamoja na fungu la serikali. Nchini Kenya, neno harambee lilifanywa wito wa taifa tangu uhuru wa mwaka 1963, na shule na zahanati nyingi za vijijini zilijengwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo anayesema leo kwamba wananchi wamekuwa wagumu wa kutoa anapaswa kujiuliza ni nini kimewafanya wawe wagumu.

Gharama ya kusomwa jina

Wapo watakaosema kwamba kusomwa jina ni heshima, na kwamba hakuna aliyewahi kudhurika kwa kupigiwa makofi. Hesabu ndogo inaonyesha vinginevyo.

Chukua mfano wa mkulima mwenye ekari tatu za mahindi anayepata gunia 15 kwa ekari. Jumla ni gunia 45. Akibakiza 15 kwa chakula cha nyumbani na kuuza 30 kwa Sh60,000 kila moja, anapata Sh1,800,000.

Katika fedha hizo, tuchukulie kwamba mbegu na mbolea za msimu unaofuata zinahitaji Sh600,000, na ada, sare na mahitaji ya watoto shuleni Sh600,000 nyingine. Zinabaki Sh600,000 za kuendesha nyumba kwa miezi mingi ijayo, ikiwamo matibabu, sabuni, mafuta na nauli.

Mkulima huyu amepanga moyoni kuchangia Sh50,000 kwenye darasa la shule. Hicho ni kiasi kizuri kwa mtu wa kipato chake. Lakini jirani yake ametajwa kwa Sh150,000, na mshereheshaji anamtazama. Anatamka Sh200,000.

Tofauti ni Sh150,000. Kama mfuko wa mbolea ni Sh70,000, hiyo ni mifuko miwili iliyokwenda na makofi. Msimu unaofuata, ekari mbili zitakosa mbolea ya kukuzia. Akipoteza gunia tatu tu kwa kila ekari, amepoteza gunia sita, yaani Sh360,000 kwa bei ile ile. Shule imepata Sh150,000 za ziada, na nyumba ya mkulima imepoteza zaidi ya mara mbili ya hizo. Kijiji kizima hakikutajirika hata kidogo.

Kwa mama anayeuza dagaa sokoni, hasara huja kwa njia nyingine. Akitajwa kwa Sh100,000 siku ya Jumapili, Jumatatu wateja wa mkopo wanaongezeka mezani pake. Akikataa kukopesha, anaambiwa, "Mbona jana ulitoa laki?" Ndugu wa mbali wanakumbuka njia ya nyumbani kwake. Na asiye mwema naye amesikia kwamba nyumba ile ina fedha.

Tatizo hili limeongezeka tangu michango ihamie kwenye simu. Siku hizi orodha ya wachangiaji husambazwa kwenye makundi ya simu ikiwa na jina kamili, kiasi na mara nyingine namba ya simu. Hakuna mtumiaji wa simu nchini asiyewahi kupata ujumbe wa matapeli unaosema ile pesa itumwe kwenye namba hii. Orodha ya watu walio na fedha na wenye moyo wa kutoa ni mali ya thamani kubwa kwa tapeli, na kamati inamkabidhi bure.

Sheria si kimya kuhusu jambo hili. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Msingi wa sheria hizi ni rahisi kuelewa: taarifa za mtu zilizochukuliwa kwa kazi fulani zitumike kwa kazi hiyo, na zisigawiwe kwa wengine bila sababu ya halali. Kamati nyingi za michango hazijui kabisa kwamba jambo hili linawahusu.

Kilichotokea Uingereza

Wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo wanaweza kujifunza kutoka Uingereza, nchi yenye mashirika ya hisani ya miaka mingi na sheria kali.

Mwaka 2015 mjini Bristol alifariki bibi mwenye umri wa miaka 92, aliyekuwa anajulikana kwa kuchangisha fedha za askari wastaafu kwa kuuza maua ya ukumbusho kwa miaka mingi. Ilibainika kwamba alikuwa anapokea barua nyingi mno za kuombwa michango. Familia yake ilisema mashirika hayo hayakuwa chanzo cha kifo chake, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba mashirika 99 yalikuwa na jina na anwani yake, na mengi kati ya hayo yalizipata kutoka kwa watu wengine, si kutoka kwake.

Kwa maneno mengine, ukarimu wake ulikuwa umegeuzwa kuwa bidhaa. Kila alipotoa, jina lake lilipanda bei.

Desemba 2016, ofisi inayosimamia taarifa binafsi nchini humo iliyatoza faini mashirika mawili makubwa, RSPCA pauni 25,000 na British Heart Foundation pauni 18,000. Kosa lilikuwa kuchunguza utajiri wa wachangiaji wao kwa siri na kubadilishana taarifa zao na mashirika mengine. Aprili 2017 mashirika mengine 11 yalitozwa faini kwa makosa ya aina hiyo. Serikali na sekta yenyewe zililazimika kuunda chombo kipya cha kusimamia uchangishaji fedha.

Funzo la Uingereza si kwamba mashirika ya hisani ni ya wezi. Mengi ya mashirika hayo yalifanya kazi nzuri na hesabu zake zilikaguliwa. Funzo ni kwamba hata mpokeaji mwaminifu wa fedha anaweza kumkosea mtoaji kwa kutolinda jina lake, na imani ikishavunjika haichagui. Inaondoka kwa wabaya na kwa wazuri pamoja.

Shaka za wananchi zina sababu

Shaka za wananchi kuhusu michango hazikutoka hewani. Watanzania wanakumbuka tetemeko la ardhi la Kagera la Septemba 10, 2016. Watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba ziliharibika, na nchi nzima iliguswa. Watu binafsi, kampuni na nchi rafiki walichanga.

Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa watendaji wawili wa ngazi ya juu mkoani humo kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Januari 2017, Rais huyo alipotembelea Kagera, alieleza kwamba serikali haitamjengea kila mwathirika nyumba, na kwamba nguvu itaelekezwa kwenye miundombinu ya umma.

Inawezekana kabisa kwamba kujenga shule na barabara lilikuwa chaguo la busara kiuchumi. Jengo moja la umma hutumiwa na wengi. Lakini wachangiaji wengi walidhani wanamsaidia mtu aliyelala nje apate bati. Michango ya aina hiyo inahitaji maandishi yanayotangulia yakisema fedha ni za nini hasa, nani ataamua na kwa utaratibu gani. Pasipo maandishi, kila mtoaji hubaki na nia yake kichwani, na mpokeaji naye na yake.

Shule nazo zina historia yake. Baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, baadhi ya shule ziliendelea kudai michango mpaka ikafika Januari 2018, pale Rais alipoipiga marufuku michango ya lazima. Mzazi aliyekuwa ameona mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa fedha ya dawati alikuwa na haki ya kulishuku neno "mchango".

Katika vyama vya msingi vya ushirika, mambo huweza kuwa magumu zaidi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima hulipwa baada ya makato kadhaa. Baadhi ya makato ni gharama halali za kuuza, kama usafiri na ghala. Lakini pale yanapoongezwa makato yenye jina la mchango wa maendeleo, mkulima anastahili kuuliza ni lini alikubali. Mchango unaokatwa kabla mwenye fedha hajaziona ni kodi iliyovaa kanzu ya sadaka. Kama wanachama waliupitisha kwenye mkutano mkuu, basi muhtasari uonyeshwe, na matumizi yasomwe na kukaguliwa kama hesabu nyingine za chama.

Hoja ya fedha chafu

Yapo mabishano ya haki dhidi ya kuficha majina ya wachangiaji. La kwanza ni kwamba siri inaweza kuwa kichaka cha fedha chafu au cha wanasiasa wanaonunua watu.

Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Kenya inaijua vizuri. Uchunguzi wa tawi la Transparency International nchini humo, uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulionyesha jinsi michango ya wanasiasa kwenye harambee ilivyokuwa ikipanda karibu na uchaguzi mkuu. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwabana viongozi. Hata hivyo, Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alilazimika kutangaza tena kwamba maofisa wa serikali wasishiriki harambee. Watu walikuwa wanauliza kiongozi mwenye mshahara unaojulikana anapata wapi mamilioni ya kugawa kila mwisho wa wiki.

Tanzania nayo ilikuwa na takrima. Vifungu vya sheria vilivyoiruhusu wakati wa uchaguzi vilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi.

Lakini tazama tofauti. Anayehitaji kumulikwa ni mtu mwenye madaraka, anayetafuta madaraka, au anayetafuta zabuni kwa wenye madaraka. Mchango wake unaweza kuwa bei ya kitu. Mkulima wa ekari tatu hanunui chochote kwa Sh50,000 zake. Kumweka kwenye mwanga ule ule unaomwekwa mbunge ni kumwonea.

Kwa hiyo kanuni inaweza kuwa nyepesi: aliye mdogo na asiye na cheo alindwe, na aliye mkubwa au mwenye cheo ajulikane. Kila kijiji au chama kinaweza kuweka kiwango chake. Kwa mfano, mkutano unaweza kuamua kwamba mchango wowote unaozidi Sh1,000,000, na mchango wowote wa kiongozi au mkandarasi bila kujali kiasi, utatangazwa. Mingine yote ibaki kwa mhazini.

Wazo la kutenganisha vitu hivi viwili si geni duniani. Nchini Marekani, mashirika mengi ya hisani hujaza kila mwaka Fomu 990, inayoonyesha mapato, matumizi na mishahara ya viongozi wakuu, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Majina ya wachangiaji wa kawaida wa mashirika hayo hayawekwi wazi kwa umma. Msimamo huo una mizizi mirefu. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa jimbo la Alabama kulazimisha chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kitoe majina ya wanachama wake, kwa kuwa waliotajwa wangeweza kufukuzwa kazi au kupigwa. Mwaka 2021 mahakama hiyo ilitumia msingi kama huo dhidi ya jimbo la California lililotaka majina ya wachangiaji wakubwa wa mashirika ya hisani.

Tanzania nayo ina mfano wake. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zilitaka shirika linalopata zaidi ya Sh20 milioni liutangazie umma fedha hizo na matumizi yake. Mtu anaweza kubishana kuhusu ukali wa kanuni hizo, lakini ziligusa jambo moja la kweli: fedha nyingi zinazopokelewa kwa jina la wananchi, wananchi wana haki ya kuzijua.

Hoja ya pili ni kwamba bila kusoma majina, watu hawatatoa. Ni kweli kwamba mtu akitazamwa hutoa zaidi siku hiyo. Hata wataalamu wa uchumi wamelipima jambo hilo katika nchi mbalimbali. Lakini kamati yoyote yenye uzoefu inajua tofauti kati ya fedha taslimu na ahadi. Ahadi zilizotolewa kwa aibu hulipwa kwa shida, au hazilipwi. Na aliyeaibishwa mwaka huu, mwakani siku ya harambee anasafiri.

Mwaka 2011, wakati wa njaa iliyowakumba watu wa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ilikusanya fedha kwa simu na benki, na Msalaba Mwekundu ukapewa kazi ya kuzitumia. Watu wengi walituma kiasi kidogo kidogo bila jina lao kusomwa popote. Lengo la Sh500 milioni za Kenya lilivukwa. Waliamini kwamba tatizo ni la kweli na kwamba mpokeaji anajulikana.

Hapa inafaa kutenganisha pia mchango wa umma na daftari la msiba. Kwenye msiba jina huandikwa, na kuna sababu. Rambirambi ni aina ya bima ya kijamii: leo kwangu, kesho kwako. Daftari huonyesha nani wa kusaidiwa atakapofiwa. Darasa la shule halina deni la kumrudishia mtu. Kulipa jina uzito ule ule ni kuchanganya mambo mawili.

Nini kifanyike

Kamati inayotaka kurudisha imani inaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya wala mfadhili.

Kwanza, kabla shilingi ya kwanza haijapokelewa, karatasi moja ibandikwe ofisi ya kijiji, sokoni au kwenye chama. Iseme fedha ni za nini, kinahitajika kiasi gani, na zikizidi au zikipungua kitafanyika nini. Mgogoro mwingi huzaliwa na ziada ambayo hakuna aliyeipangia kazi.

Pili, kila anayetoa apewe stakabadhi yenye namba. Orodha itakayobandikwa ukutani iwe na namba na kiasi, bila majina. Mwenye stakabadhi namba 47 ya Sh20,000 ataitafuta namba yake na kuona kama fedha zake zimeingia. Jirani yake hatajua ni nani. Jumla ya orodha ilingane na taarifa ya benki iliyobandikwa pembeni yake. Kwa njia hii siri ya mtoaji inalindwa na wizi unaonekana, vyote kwa karatasi mbili.

Tatu, fedha zisipokelewe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata awe mchungaji au shehe. Iwepo akaunti ya kikundi yenye watia saini wasiopungua watatu wasiotoka nyumba moja. Kumlinda kiongozi dhidi ya kishawishi na dhidi ya tuhuma ni kumtendea wema.

Nne, daftari la majina na namba za simu libaki kwa mhazini, na kazi ikiisha likabidhiwe kwa utaratibu uliokubaliwa. Anayetaka jina lake lisomwe aseme mwenyewe. Asiyesema, asisomwe.

Tano, ndani ya siku 30 baada ya kila hatua ya kazi, hesabu isomwe kwa kipaza sauti kile kile kilichotumika kuchangisha. Mifuko ya saruji mingapi, bei gani, kwa duka gani, fundi amelipwa kiasi gani. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu, ni mahali panapofaa. Mshereheshaji aalikwe pia, na mwenye kupiga makofi apige wakati huo.

Mtoaji naye ana wajibu. Anayetoa na kuondoka bila kuuliza anawazoesha wapokeaji tabia mbaya. Mkulima hanunui mbegu bila kusoma lebo, na mfanyabiashara hapokei mzigo bila kuhesabu. Kuuliza stakabadhi hakupunguzi thawabu. Dini zinazofuatwa na wengi nchini zinasifu sadaka inayotolewa kwa siri, lakini hakuna inayosifu mhazini anayetumia kwa siri.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Walisema pia mali bila daftari huisha bila habari. Methali ya kwanza husomwa kila siku ya harambee, kwa sauti kubwa. Ya pili ianze kusomwa pia, na kamati itakayofanya hivyo msimu huu ndiyo itakayowakuta watu wakija tena msimu ujao.